Mama, Nimekiacha Kikombe Kipite

Mama yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia hata neno. Leo naogopa, na hofu hii sina mwingine wa kumpelekea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga magoti kwenye Meza ya Bwana, wewe kwanza, kisha mimi? Mchungaji alitoa mkate, na baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alimfuata na kikombe. Hata ulipokonda na kukohoa bila kupumzika, hukukosa. Ulitoka nyumbani Kariakoo umeniegemea, ukakaa kidogo kwenye baraza ya yule Mwarabu muuza nguo, ukasema, "Twende, mwanangu. Pale ndipo ninapopata nguvu." Ulikunywa, baba akakifuta kikombe kwa kitambaa, akanipa. Nilipenda kunywa palepale ulipogusa wewe.

Sasa najifunza uuguzi. Siku moja daktari aliniita nitazame kwenye darubini. Alikuwa ameweka makohozi ya mgonjwa juu ya kioo, nami nikaona vijiti vyekundu, vyembamba mno. "Hicho ndicho kifua kikuu," alisema. "Hutoka kwa mmoja kikaenda kwa mwingine." Daktari huyu husali nasi, na huimba kuwapita wote. Nilimwuliza juu ya kikombe. Alifuta miwani yake. "Hilo usiniulize," akasema. "Jumapili nami hunywa."

Mama, nimeanza kukohoa. Walipoyapima makohozi yangu, vijiti vile vilikuwamo. Baba bado hajui.

Jumapili iliyopita kando yangu alipiga magoti mke wa fundi seremala, mjamzito aliyekaribia kujifungua, wa kunywa baada yangu. Kikombe kiliponifikia nilifumba mdomo.

"Kunywa, mwanangu," baba alinong'ona.

Nikatikisa kichwa. Alisimama mbele yangu hadi watu wakainua macho, ndipo akapita.

Unajua kwetu maana yake. Anayekiacha kikombe kipite amejihukumu mwenyewe kwamba yumo dhambini, na kwa msichana asiyeolewa watu huiona dhambi moja tu. Kesho yake nilikwenda bombani.

"Mpisheni binti wa mzee wa kanisa ateke kwanza," mmoja alisema. "Hali yake hairuhusu kusimama sana."

"Na ndoo asijaze," mwenzake akaongeza. Wakacheka.

Baba hakucheka wala hakugomba. Jana tu ndipo aliponiuliza, kwa upole ulionichoma, "Ni nani, mwanangu? Nitakwenda kuzungumza na wazazi wake."

"Hakuna mtu, baba."

Akaniambia wazee watakaa kunihoji; ni kesho. Nisipokuwa na la kusema watanitenga, naye ataacha uzee wa kanisa. Nikamwuliza kama kikombe chaweza kupitisha ugonjwa.

"Damu ya Bwana haiambukizi mtu," alijibu, akaendelea kushona gunia la vitunguu.

Nami naamini, mama. Hapo ndipo panaponitisha. Nikifumba macho nisali naviona vile vijiti, na sijui kama nimepoteza imani au nimefumbuliwa macho. Tena namwogopea baba. Nikisema nilichokiona, atapanga mwenyewe: wewe kwanza, kisha mimi, na mkono uliotunywesha ni wake. Nadhani angestahimili zaidi binti mwenye mimba. Huenda hata si kikombe. Tulilala kitanda kimoja wewe na mimi hadi mwisho, ukinikoholea shingoni. Lakini baba hatakikumbuka kitanda.

Nikinyamaza, kikombe kitaendelea kupita, na yule mke wa fundi atakunywa baada ya wengine wanaokohoa.

Namsikia baba amerudi kutoka sokoni, anaitikia shikamoo za watoto wa jirani. Afadhali alisikie kwangu kabla ya wazee. Nitaanza na kitanda, mama. Sijui kama nitapata pumzi ya kufika kwenye kikombe.

Usiniache peke yangu naye,

Binti yako