Sitini ya Dirisha la Bibi

Jumamosi, 17 Januari. Theluji imeganda. Jua lipo, lakini ni la kutazama tu.

Leo nitasema yote, hata yale ambayo Mama angependa yabaki ndani. Nimefundishwa kwamba mtu akikasirika anywe maji kwanza ndipo aseme. Nimekunywa bilauri mbili. Bado nimekasirika.

Chumba ninacholala na Bibi kina dirisha la kioo kimoja, la tangu jengo hili lilipojengwa. Kitanda chake kiko chini ya dirisha hilo kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka. Bibi analala na koti. Juzi aliniambia, bila hata kulalamika, kwamba baridi nyingine kama hii hataiweza, atarudi Dodoma.

Sitaki Bibi aondoke. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni hesabu.

Wenye jengo wanabadilisha madirisha, ila si yote. Dirisha linalopoteza joto zaidi ya wati themanini kwa kila mita ya mraba linabadilishwa. Likiwa chini ya hapo, mnaendelea kuvaa makoti. Anayekagua ni Baba Happy, msaidizi wa meneja, Mtanzania mwenzetu ambaye tunasali naye. Mama alifurahi sana. "Huyu ni mtu wetu," alisema.

Mwalimu wangu wa fizikia aliniazima kipimo: kisahani chembamba cha kubandika kwenye kioo, chenye waya na skrini ndogo. Baba Happy alikubali kuandika kitakachosoma. Kipimo chenyewe ni cha zamani, kilitoka Marekani, na hakijui wati. Kinahesabu BTU kwa saa kwa kila futi ya mraba. BTU moja ni joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti.

Sikuona tatizo. BTU moja kwa saa ni wati 0.293. Mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76. Zidisha hizo mbili, unapata 3.15. Kwa hiyo unasoma skrini, unazidisha kwa 3.15, umefika kwenye wati.

Asubuhi kilisoma hamsini. Hiyo ni kama wati mia moja hamsini na nane, karibu mara mbili ya kile wanachokitaka. Nilimwambia Bibi kwamba dirisha jipya limeshapatikana.

Kisha Mama akakumbuka kwamba mgeni anakuja.

Akawasha oveni na kuacha mlango wake wazi. Akachemsha supu kwenye sufuria kubwa ya sherehe. Akaazima hita ya jirani akaiweka chumbani kwetu. Akamvua Bibi koti na kumvika gauni la kanisani. Nikamwambia, Mama, mtu anakuja kukagua baridi. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Mgeni akae kwenye baridi nyumbani kwangu?"

Baba Happy alipoingia nilimwamkia. Akavua koti, akavua kofia, baada ya kikombe cha kwanza cha chai akavua na sweta.

"Mama Neema, hapa kwenu ni Dar kabisa!"

"Mgeni akiondoka mnirudishie koti langu," Bibi akasema.

Wakacheka wote. Bibi hakuwa anatania.

Skrini sasa ilisoma sitini. Ndiyo, ilipanda, kwa sababu kadiri chumba kinavyopata joto kuliko nje ndivyo joto linavyokimbilia kwenye kioo. Tulikuwa tumemkaribisha mgeni mmoja na kuupasha joto mji wetu wote wa Scarborough.

Baba Happy akaandika sitini kwenye fomu. Chini ya themanini. Limepita, halibadilishwi.

Nikasema, kwa adabu zote nilizonazo, "Samahani Baba Happy, hiyo sitini si ya wati. Ni ya BTU na futi. Kwa wati ni mia moja themanini na tisa."

Akatabasamu vile watu wazima wanavyomtabasamia mtoto wa kwaya aliyekosea wimbo. "Neema mwanangu, sitini ni sitini. Imegeuka lini kuwa mia na themanini?"

"Tangu walipoandika kanuni yao kwa mita, Baba."

"Neema," Mama akasema, "kaongeze chai."

Nikaenda kuongeza chai.

Ninaandika tena ili nisijidanganye: nilikuwa na jibu sahihi mdomoni, nikaenda kuongeza chai. Nikarudi nikamkuta anamsifia Mama supu. Alipokuwa anavaa viatu akasema Kiswahili changu kimenyooka, kwamba Happy wake anajibu Kiingereza tu, na kwamba yeye husoma blogu hii kila ninapoandika kisha anamlazimisha Happy naye aisome. Mama alijivuna. Mimi nilitamani viatu vyake viwe vimeloa.

Alipoondoka, Mama alizima oveni na hita, akairudisha hita kwa jirani. Joto lote lilitoka kabla sijamaliza kuosha vikombe. Alimvisha Bibi koti yeye mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Tutaongea naye taratibu," akaniambia. Fomu inapelekwa Jumatatu. Taratibu ya nini?

Nimemkasirikia Mama, na ninajua alichokuwa anakitetea. Nimemkasirikia Baba Happy, na sioni kitu cha kumtetea.

Ila hajapeleka fomu bado. Na anasoma.

Baba Happy, shikamoo. Kiswahili changu umeshakisifia, sasa kisome. Kipimo bado kiko kwenye kioo na Bibi amelala chini yake na koti. Toa simu mfukoni, fungua kikokotoo, kisha unijibu hapa hapa chini, leo, kabla ya ibada ya kesho: sitini mara tatu nukta moja tano ni ngapi?