Shati la Babako Halikutosha

Mwanangu Salum,

Asalaam aleikum. Hujambo? Kifua kinasemaje na baridi ya Tunduma? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Namba yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua hii dereva anayepeleka vitenge huko.

Mwanangu, keti kwanza. Babako amezama. Wiki mbili zilizopita alikwenda kuvua na mchukuzi mwenzake, Mzee Kombo, kwa mtumbwi wa kuazima pale Feri. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, wenyewe hawakuonekana. Mpiga mbizi akaniambia, "Subiri, mama. Mtu huzama kwanza, tumbo likijaa hewa ndipo maji humrudisha." Siku ya tano yalimrudisha mmoja, upande wa Kigamboni.

Mochwari nililiona shati nikasema ni yeye, mishono yangu naijua. Daktari, binti mpole, akaniuliza, "Mashati haya ulishona mangapi, mama?"

"Kumi na mawili. Ya chama chao cha wachukuzi."

"Na Mzee Kombo alikuwa nalo?"

Nikamwambia alikuwa nalo. Uso hautambuliki tena. Ngozi ya vidole imechomoka kama glovu. Waliipaka wino, alama hazikutoka. Unakumbuka mashine ya vitambulisho ilivyokataa vidole vya babako? Ukamwambia, "Baba, saruji imeshakufuta." Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

Sasa wanataka mate ya ndugu wa damu, wapime vinasaba. Kombo hatumjui kwao. Mimi nikapanua mdomo, na binti akanishika bega. "Wewe mkewe, mama. Tunamtaka mtoto." Nikamwambia huyo mtoto nimemlea tangu ana miaka minne, nikimtafunia nyama. Akasema, "Najua, mama. Lakini yako hayatusaidii."

Salum, sijui mimi ni mke au mjane. Shehe kasema nisubiri kipimo ndipo nihesabu eda. Majirani hawajui wanipe pole au wanitie moyo, basi hawapiti. Narudi kutoka dukani ninakoshonea, napika wali wa watu wawili. Nikiswali, nafika kwenye dua yake nakwama: nimwombee arudi, au nimwombee maghufira?

Najua mlivyoachana wewe na babako. Maneno aliyokutolea mlangoni yalikuwa makali, nami nilikuwa kwenye cherehani, nikazidi kukanyaga nisisikie. Ningesimama siku ile, labda usingefika mbali hivyo. Nisamehe. Ulipoondoka hakulitaja tena jina lako, ila kila lori la Tunduma likishusha mzigo mtaani kwetu, yeye ndiye aliyelikimbilia.

Kama ni yeye aliyelala kwenye lile jokofu, anangoja kuoshwa na kuzikwa, na wa kumtoa ni wewe. Njoo hata kwa siku moja. Ukishindwa, polisi wamesema mate yanaweza kuchukuliwa hukohuko uliko, mradi wajue ulipo. Niandikie, au mwambie dereva huyuhuyu kwa mdomo.

Nijibu mapema, mwanangu.

Ni mimi,
Mama yako mdogo