Minyororo ya Opel na Mkate wa Kaka Tillo

Jumanne, 7 Januari

Bozor amepiga simu kutoka Yaghnob, bonde letu la milimani. Baba yake, kaka yangu Tillo, ameacha kula. Daktari alipanda kutoka Ayni, akamtazama, akashuka. Hakuacha dawa. Kaka anauliza jambo moja tu: mkate wake bado upo?

Upo. Unaning'inia jikoni kwa binti yangu Mehriniso, ndani ya mfuko wa kitambaa, mgumu kama kigae. Kaka aliuuma asubuhi ile alipotoka hapa Zafarobod kurudi milimani, na mama akautundika, kama unavyotundikwa mkate wa kila msafiri, umsubiri aje aumalize. Mama akafa. Tukahama nyumba, mkate tukahama nao. Kila mwaka kaka alisema kwenye simu kwamba atashuka pamba ikishavunwa. Hakushuka.

"Anataka umpelekee, Amu," Bozor akasema. "Anasema hawezi kwenda zake wakati kuna kitu kinamsubiri."

Nikasema sawa. Kisha nikatoka uani nikasoma namba za tairi la Opel ya mkwe wangu Ubaid. 185/65 R15. Nikaziandika kiganjani. Sikuhisi kitu. Namba zilisomeka vizuri.

Jumatano, 8 Januari

Kuanzia Ayni kwenda juu ni theluji tupu. Kwenye kizuizi cha barabarani hawapitishi gari lisilo na minyororo ya tairi. Sisi hatuna. Hapa tambarare theluji ikianguka asubuhi, mchana ni matope. Serikali ilipotushusha kwa helikopta mwaka wa sabini tulime pamba, tulikuja na vyungu na magodoro. Vitu vya theluji tuliviacha. Vingefanya nini kwenye pamba?

Mehriniso hataki. Anasema mkate haumfuati mtu, mtu ndiye anayeufuata mkate. Kumpelekea ni kumwambia asirudi tena. Nikamkumbusha umri wa baba yake mkubwa.

"Kwa hiyo?" akasema.

Nikaendelea kusoma habari za minyororo. Nimesoma mpaka macho yakauma. Kuna ya ngazi, kuna ya wavu, kuna mikanda ya kufunga mmojammoja. Inapendeza kusoma kitu chenye jibu.

Alhamisi, 9 Januari

Soko la Istaravshan, mimi na Ubaid. Muuzaji ni mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, Nazrullo. Kwanza akatuletea minyororo minene, ya lori! Nikamwonyesha kiganja changu. Opel haina nafasi nyuma ya tairi. Pingili nene zingegonga mpira wa breki. Akacheka, akarudisha.

Ya ngazi ni rahisi. Vipande vinapita tairi kwa upana, kama vidato. Inapanda vizuri — lakini penye mteremko wa ubavuni, gari linateleza kando. Ya wavu inashika pande zote, na haitetemeshi sana. Ubaid alitaka mikanda. Hoja yake si mbaya: ukikwama ndipo unafunga, huinui gari, na sisi milimani tunapanda mara moja moja.

"Baba, tunakwenda kwa harusi na kwa mazi—" akasema.

Akaanza kuchunguza kulabu kwa bidii. Nikamwambia mikanda inafaa kutokea shimoni, haifai kupandia mlima. Nikachagua ya wavu, pingili nyembamba. Akalipa yeye.

Halafu akataka kujua itafungwaje matairi ya nyuma. Nyuma! Mtoto wa pamba huyu. Gari aliloliona likivuta maishani mwake ni trekta. Nikamweleza kwamba Opel inavuta kwa mbele.

Nazrullo akatusindikiza hadi garini. "Wazee wangu, watu wote huwatakia wasafiri heri kwa kuwaambia njia nyeupe," akasema. "Mimi nikiwatakia hivyo, mtasema natangaza biashara."

Ubaid alicheka njia nzima. Mimi nilikuwa na mfuko wa minyororo mapajani. Mzito. Baridi yake ilipita kwenye suruali.

Ijumaa, 10 Januari

Mazoezi uani. Unautandaza mnyororo kwanza, unahakikisha haukujisokota. Unapitisha waya wa nyuma, unaunganisha juu, unaunganisha mbele, unavuta. Ncha za kulabu zitazame nje, zisitoboe tairi. Unasogeza gari kidogo, unashuka, unakaza tena. Hapo ndipo wengi hukosea: hawashuki mara ya pili.

Jirani Hikmat akachungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, gari limekukosea nini hata ulitie pingu?"

Nikamwambia lilitaka kutoroka.

"Basi lifungulie, liende na mimi," akasema.

Tulicheka. Nilisikia kicheko changu kama cha mtu wa chumba cha pili.

Jioni Bozor: kaka amekunywa chai vijiko viwili. Ameuliza nimefika wapi. Nimefika wapi! Nipo uani.

Jumapili, 12 Januari

Tumeondoka asubuhi. Mehriniso ameushusha mkate mwenyewe, akaufunga kwa kitambaa kipya. Alama ya meno ya kaka bado inaonekana. Meno ya kijana. Nimeuweka ndani ya koti.

Tumelala Ayni, kwa jamaa wa Ubaid. Supu ya mbaazi. Sikuota.

Jumatatu, 13 Januari

Kizuizini askari aliangalia minyororo, akaipiga teke, akasema babu huyu anajua kufunga. Tukapita.

Sasa tumesimama. Poromoko dogo la theluji limekata barabara na katapila linasafisha. Mbele yetu lori la makaa ya mawe. Kutoka hapa naona jiwe ambalo chini yake tulichungia mbuzi. Nililidhani kubwa zaidi. Nalitazama kama ninavyotazama picha kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Bozor amepiga, sauti inakatika. Kaka anapumua. Amefumbua macho aliposikia tuko kwenye kona ya jiwe. Amesema kitu kwa lugha yetu, Bozor hakukisikia vizuri. Ama "njoo," ama "kaa." Kwetu maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Nilimwambia Bozor amuulize tena. Simu ikakatika.

Ubaid anatafuna mbegu za alizeti. Amesema ana hamu ya kurudi kuumalizia mkate wake, ule aliouuma jana tulipoondoka. Mkewe aliutia ufuta mwingi mwaka huu, na aliuma padogo kwa kujizuia.

Halafu akauliza, "Wewe, Baba, uliuma pakubwa?"

Nimejaribu kukumbuka. Namwona Mehriniso mlangoni, mkate mikononi. Namwona Ubaid akiinama kuuma. Mimi nilikuwa nyuma ya gari. Nilifungua mfuko, nikahakikisha minyororo ni miwili, nikatafuta koleo, nikatafuta glavu. Nikafunga buti la gari. Nikapanda. Mehriniso aliita "Baba," nikampungia mkono kupitia kioo. Nilidhani ananiaga.

Sikuuma.

Ubaid ameacha kutafuna. Anasema tumpigie Mehriniso, atautundika wangu hivyo hivyo, mkate ni mkate. Nimemwambia mtandao ni mbovu hapa. Ni kweli ni mbovu. Sijaitoa simu mfukoni kuangalia.

Ule wa kaka upo kifuani, chini ya koti. Umepata joto langu. Wangu unaonisubiri haupo.

Vidole vimekufa ganzi, maandishi haya sitaweza kuyasoma. Lori la makaa limesogea. Mnyororo wa kushoto umelegea, nausikia ukigonga madigadi. Ubaid anataka kushuka. Nimemwambia akae, nashuka mimi —