Nilisema Barabara ya Mlimani Imeporomoka

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi pokea salamu za msomaji wako ambaye siku zote amekuwa akisoma matatizo ya wenzake huku anatikisa kichwa, kumbe la kwake lilikuwa njiani linakuja.

Mimi ni mama wa makamo, kazi yangu ni maabara ya hospitali, natoa watu damu na kupima, na niliolewa wakati nimeshakata tamaa ya kuolewa, nikaolewa na mwanamume aliyefiwa na mke wake, fundi wa mafriji, majirani wanamwita Bwana Baridi kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandisha hasira. Nilimkuta na binti yake ambaye sasa yuko sekondari, mtoto msafi, mtiifu, ananiita Anti, anaosha sahani bila kuambiwa, lakini maongezi yetu kwa muda mrefu yalikuwa ni habari ya asubuhi na usiku mwema, basi.

Sasa mwaka huu mume wangu akasema likizo ya shule hatutakaa nyumbani kutazamana, tutapanda gari letu twende milimani, tuzunguke hifadhi za taifa tatu zilizofuatana kule, tupande kwa miguu, tuone maporomoko ya maji na maziwa ya huko juu, tulale kwenye vibanda vya hifadhi, turudi tumechoka vizuri. Akaleta ramani kubwa ya karatasi, maana anasema simu inaonyesha barabara lakini haionyeshi safari, akaitandaza mezani na kuikandamiza kwa vikombe pembe zote. Mshauri, mimi sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za hospitali, lakini nilipowaona wale wawili wameinamia ile ramani vichwa vinakaribia kugongana, halafu binti akaniambia, "Anti, sogea huku, huko huoni kitu," nikasogea, na moyo ukaingia humo humo. Nikanunua viatu vya kupandia mlima, nikawa navivaa kazini ili vilainike, napanda navyo hadi wodi ya juu kabisa, wenzangu wananiuliza kama siku hizi wagonjwa wanalazwa kileleni.

Na jioni mimi na binti tukaanza mazoezi, tunapanda kilima chenye tangi la maji nyuma ya mtaa wetu, tunashuka, tunapanda tena, na huko ndiko nilikomjua huyu mtoto, alinieleza habari za mwalimu wao wa hesabu anayeongea na ubao badala ya wanafunzi, na rafiki yake aliyehama bila kuaga, na siku moja akaniuliza kama na mimi nilipokuwa msichana niliota chunusi, nikamwambia niliota mpaka puani, akacheka hadi akakaa chini.

Basi siku moja akanipigia wifi yangu, dada wa mume wangu, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki, nikamweleza habari za safari kwa furaha, nikamtajia hifadhi moja moja, akacheka.

"Kumbe mnapita mulemule! Kaka yangu bwana, hasahau."

"Mulemule wapi, wifi?"

Nikasikia anakamua nguo, maana alikuwa anafua na simu kaibana begani. "Si ile safari yao na marehemu, kabla hajaanza kuumwa. Mtoto alikuwa mdogo, anabebwa mabegani. Hakukwambia?"

Nikasema aliniambia. Nikakata simu, nikaendelea kukunja nguo, nikashtuka naona nakunja shati lile lile, nakunja nakunjua.

Kuanzia hapo safari ikaniharibikia. Mume wangu akisema tulale kibanda cha juu maana cha chini kina upepo, najiuliza huo upepo ulimpiga akiwa amekumbatiana na nani. Akisema kwenye hifadhi ya pili kuna kona ukisimamisha gari unaliona ziwa lote, najua kuna mtu alishasimama kwenye kona hiyo kabla yangu, akashangaa, akashikwa mkono. Sikumuuliza, nilimsubiri aseme mwenyewe, hakusema, na kila alivyozidi kufurahi ndivyo nilivyozidi kununa kimoyomoyo. Hifadhi ya tatu ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu kuna sehemu huko juu inayotazama bonde, na yeye hata jina lake halitaji, anasema tu "pale kwetu".

Ndipo nikafanya nililofanya. Tulikuwa tunakula chakula cha jioni, wao wanabishana nani atabeba jiko la gesi, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba leo kaja mgonjwa pale maabara, anatokea upande ule, anasema mvua zimeporomosha barabara ya kwenda hifadhi ya tatu, magari hayapiti na haijulikani itafunguliwa lini. Hakuna mgonjwa, mshauri. Hakuna mvua wala maporomoko. Nikaongezea eti mgonjwa mwenyewe alivuka kwa miguu, tope mpaka magotini.

Binti akaweka kijiko chini. "Hata kule juu kabisa hakufikiki?"

"Hata kule."

Akaomba ruhusa, akaenda chumbani kwake. Mume wangu akasema tu, "Basi, mvua haina adabu," akaendelea kula, lakini kesho yake ramani haikuwepo tena mezani.

Nilidhani tutabaki na hifadhi mbili na tutafurahi vilevile. Wapi! Kilimani binti haendi tena, kila jioni ana kazi ya shule. Baba yake ameanza kusema labda tuahirishe. Na juzi niliingia chumbani kwa binti kumpelekea nguo safi, nikamkuta kitandani na koti la mvua la manjano mapajani, koti la mtu mzima, analikunja taratibu kulirudisha mfukoni. Sikuhitaji kuuliza lilikuwa la nani. Akasema bila kuniangalia, "Sasa hivi linanitosha. Nilitaka nilivae kule."

Nikasema pole, nikaona hiyo pole ilivyo nyepesi.

Akasema, "Kuna picha mama amesimama pale juu na koti hili, ila baba aliipiga vibaya, akamkata kichwa, mama anaonekana kuanzia mabegani. Ndiyo maana nilitaka wewe ndiye unipige mimi. Wewe mkono wako hautetemeki."

Mshauri, mimi natafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga na mkono wangu hautetemeki kweli, lakini pale nilishindwa hata kuweka nguo kabatini, nikaziacha kwenye kiti nikatoka.

Sasa mume wangu anasema Jumatatu atapiga simu ofisi ya hifadhi aulize kama barabara imefunguliwa. Niseme ukweli, au nimwache apige, na akiambiwa haijawahi kufungwa niseme yule mgonjwa alikosea? Au niombe udhuru wa kazi nibaki nyumbani waende wawili, maana safari ilikuwa yao tangu mwanzo na mimi nimejipachika? Na je, ni dhambi kumwonea wivu mtu aliyekwisha kufa, ambaye hajanikosea lolote? Sina wa kumwambia. Wifi ndiyo kabisa.

Mama wa Maabara

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa maabara, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Kwa kuwa uliacha namba yako, na Jumatatu haingoji gazeti letu lichapwe, nilikupigia, kwa hiyo mengi ya hapa umeshayasikia. Nayaandika kwa ruhusa yako, kwa sababu naamini si wewe peke yako uliyewahi kufunga barabara kwa mdomo.

Tuanze na wivu, maana ndio uliokuaibisha kuliko uongo, na hapo ndipo ulipokosea hesabu. Kumwonea wivu marehemu si dhambi. Ni mshindani mgumu: hazeeki, haunguzi chakula, hanuni siku za kazi nyingi. Yeyote angechoka kuwekwa kwenye mizani naye. Ila niambie, nani aliyekuweka kwenye mizani? Mumeo hajakuweka. Mtoto hajakuweka. Umepanda mwenyewe, ukasoma namba mwenyewe, ukalia.

Mumeo naye nina neno lake. Kumpitisha mke njia aliyopita na mwenzake wa kwanza, bila kumwambia, halafu amwache aje kuyasikia kwa wifi anayefua nguo na simu begani, si haki, na huo upole wake haumwokoi. Umwambie kwamba uliumia. Usimeze. Ukimeza leo, kitatoka siku nyingine kimevaa nguo nyingine.

Sasa wewe. Mgonjwa akija kwako, unaweza kumwandikia majibu ya kipimo ambacho hukukifanya? Najua jibu lako, na sababu yake unaijua kuliko mimi: mtu anaondoka na karatasi ile kwenda kupanga maisha yake. Huyu mtoto naye ameondoka mezani na maneno yako. Ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba mahali pa mama yake hapafikiki, na amekubali bila kubisha, amekunja koti. Hilo ndilo kosa lako, dada, hayo mengine ni moyo tu. Na ile habari ya kumsukumia kosa mgonjwa ambaye hayupo, iache kabisa, utakuja kuhitaji mgonjwa wa pili wa kumtetea wa kwanza.

Nilikwambia uanze na mumeo, wawili tu, televisheni imezimwa. Sentensi ya kwanza iwe, "Barabara haijaporomoka, nilidanganya." Sababu zije nyuma, zikipata nafasi. Usimuulize kama bado anampenda marehemu, swali hilo halina jibu litakalokupendeza. Muulize siku ile kule juu ilikuwaje, kisha unyamaze mpaka amalize. Mtoto mwambie wewe mwenyewe, usimtume baba yake. Na usilie mbele yake, maana ukilia yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na si zamu yake.

Kubaki nyumbani sitaki kusikia. Ukibaki, utawapeleka milimani na mapengo mawili badala ya moja. Nenda. Mkifika kule kwao, waache watangulie wawili, wewe funga kamba za viatu polepole, tazama bonde, kula ndizi. Ukiitwa, panda. Ukiombwa kupiga picha, piga, na uhakikishe kichwa kimo. Halafu uichukue ile ramani uchague sehemu moja tu, kijito, msitu, chochote, ambapo hakuna hata mmoja wenu watatu aliyewahi kukanyaga, umwambie Bwana Baridi hapo naye atakuwa mgeni kama wewe, aulize njia kama watu wengine. Vibanda vishikeni mapema, likizo watu ni wengi. Na kata kucha za miguu kabla ya kuondoka, maana kupanda kunachosha lakini kushuka ndiko kunakoumiza vidole, na hilo ngazi za hospitali hazikukufundisha.

Jana ulinipigia. Mumeo umemwambia. Alisogeza sahani yake pembeni, akasema, "Nilijua nikikwambia hutakuja. Na njia nyingine ya milimani siijui." Mkazungumza, chakula kikapoa, hamkukijali. Umesema kwa mara ya kwanza alilitaja jina la marehemu mbele yako, akalitaja mara nyingi kama mtu aliyefunguliwa bomba, na wewe hukufa. Hilo nimefurahi kulisikia.

Lakini hukupiga kunieleza hilo, ulipiga unalia kwa ajili ya mtoto. Ulimwambia jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo hata huyo mgonjwa hakuwepo?" Ukasema hakuwepo. Akaenda chumbani na kubamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikakaa upande, na tangu hapo hakusemeshi. Baba yake amemuuliza kama safari ifutwe, akajibu kwa hasira kwamba nani kasema ifutwe. Na wewe unaniuliza mimi kama umempoteza.

Dada, sikiliza. Mtu hambamizii mgeni mlango. Mgeni huchekewa, hupishwa njia, hujibiwa "sawa" kwa kila kitu. Huyo mtoto amekukasirikia kama anavyokasirikiwa mtu wa nyumbani, aliyeaminiwa akaharibu, na ana haki ya hasira yake yote, usijaribu kumpunguzia. Umeshaomba msamaha mara moja, na kwa ukweli, inatosha. Ukiurudia kila asubuhi utakuwa unamdai akujibu. Usimnunulie kitu. Usimtume wifi. Tarehe ya kuondoka msiibadilishe hata kwa siku moja. Siku hiyo mwachie kiti cha mbele karibu na baba yake, wewe kaa nyuma na mizigo. Akitaka kununa njia nzima, anune, barabara ni ndefu na ya kwake pia. Akiomba maji, mpe, na usiongeze neno.