Kamera ya Mkono Mmoja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa kununa, lakini umeitikia, na mimi mdogo wako nimeridhika. Hujambo? Mguu nao haujambo? Mwanao ananiambia mguu sasa unasikia amri, unakwenda bafuni na kurudi kwa fimbo bila kushika ukuta. Hilo nimelishukuru sana. Mkono wa kulia ndio bado mkaidi, basi usalimie hivyo hivyo, ukaidi ni wa ukoo wetu. Huku kwetu wote wazima. Wifi yako kifua kimemwachia, na zile nguvu alizokuwa akizitumia kukohoa amezihamishia kwenye kunisema. Mimi mwenyewe unanijua, ugonjwa ukikutana nami njiani hunipisha.

Dada, sikuandikii ili nikupe pole. Pole nilikupa siku ile nilipokuja baada ya wewe kutoka hospitali, ukazungumza nami ukiwa nyuma ya pazia, ukaniambia vitu nilivyoleta nimwachie mwanao nirudi nilikotoka, kwa sababu hutaki mtu akuone ulivyo. Nikarudi. Tangu hapo nasikia hutoki chumbani, cherehani umeifunika shuka gubigubi kama maiti, na wageni wote wanafukuzwa. Tena nasikia ulimwambia mwanao kwamba fundi wa nguo asiye na mkono wa kulia hana cha kutazama huko nje. Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Lakini ngoja kwanza nikupe habari zangu, maana ni kubwa.

Habari yenyewe ni hii: nimekuwa mpiga picha.

Cheka umalize. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza kama mizani imeanza kunipanda kichwani. Nikamwambia mtu aliyetengeneza mizani za sokoni, za posta na za kupimia watoto wachanga hashindwi na kidude chenye kitufe kimoja. Shuleni nilitoka mapema, ni kweli, lakini ni kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa.

Ilianza nilipokwenda kutengeneza mizani ya vifurushi, jirani na duka la mzee mmoja tunayemwita Tabasamu. Alikuwa na studio zamani, sasa anauza kamera zilizotumika. Jina alilipata kwa kuwaambia watu watabasamu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuona meno yake. Nikamwambia nataka kamera ya kutembea nayo, ya kujifurahisha tu, siyo ya harusi wala ya gazeti, na bei yake isinifanye nilale nje. Akanitazama viatu, akanitazama uso, kisha akanipa jitu la kamera jeusi lenye lenzi ndefu kama bomba la jiko. Nadhani alikuwa ananipima. Mimi nami nikalipima. Nilikuwa na ile mizani yangu ya mkobani, ile iliyowahi kumpima nzi kabla hajala na baada ya kula ikatoa majibu mawili. Mashahidi wapo, ingawa wengi wao wamehama. Basi jitu lile lilikuwa na uzito wa kuku wa mayai. Nikalivaa shingoni mpaka mwisho wa mtaa. Mimi, dada, niliyewahi kupandisha mizani ya magunia ghorofani bila kupumzika, nilirudi dukani shingo imelala upande kama ua lililokosa maji.

Tabasamu akaniambia kuwa watu wengi wananunua uzito wakidhani wananunua picha. Kamera nzito, alisema, hupiga picha nyingi sana za ndani ya kabati. Hapo nikampenda. Akainama chini ya meza akatoa ndogo, ya aina isiyo na kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza, ndiyo maana mwili wake ni mwembamba. Ilikuwa imetumika, toleo la miaka iliyopita, na pembeni ina mkwaruzo kama wa paka. Mkwaruzo ule ndio uliotupatanisha bei. Kwa picha haudhuru kitu.

Ikaja kazi ya lenzi. Ya kwanza aliyonipa ni ya chuma, ya kamera za filamu za zamani, unaifunga kwa pete ya kuunganishia. Dada, picha yake ni tamu, uso unatoka mkali na nyuma kunayeyuka kama moshi. Lakini hiyo unailenga kwa kuizungusha mwenyewe, mkono mmoja umeshika kamera, wa pili unazungusha. Nikamrudishia. Nikamwambia kila kitu katika mkoba huu lazima kitii mkono mmoja. Akaniuliza kwani huo mwingine nitakuwa nimeshikia nini, mwavuli? Nikamwambia ana biashara ya kamera, siyo ya upelelezi. Akanuna, lakini akanipa lenzi bapa, nyembamba kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, inayojilenga yenyewe. Hiyo haivuti vitu vya mbali. Ukitaka kitu kiwe karibu, kisogelee. Ya pili ni ya plastiki, ndefu kidogo, kwa ajili ya nyuso. Nilitaka kuongeza ya tatu, akakataa kuniuzia. Alisema mtu wa kujifurahisha akibeba lenzi tatu, safari nzima anabadilisha lenzi na kitu alichokitaka kimeshaondoka.

Sasa nisikilize, hapa ndipo ufundi wangu ulipoingia. Nilipoitundika kamera kwa mkanda wake niliona inainamisha pua, upande wa lenzi unaelemea. Mimi fundi wa mizani nitavumiliaje kitu kisicholala sawa? Nikaifungia kipande cha madini ya risasi nyuma, nikapunguza, nikaongeza, nikakata tena, mpaka ikatulia katikati kama maji ndani ya sahani. Nikaipeleka kwa Tabasamu kifua mbele. Akaishika, akaipandisha, akaishusha. Akaniambia hongera, mizani imelala sawa, na uzito umekuwa mara mbili. Akauliza kama natafuta kamera au jiwe la kupimia sukari. Watu waliokuwamo dukani walicheka, mmoja mpaka akatoka nje kucheka vizuri. Nikarudi nyumbani nikakifungua kile kipande. Pua na iiname, kwani inamdhuru nani?

Lakini kilichonitesa ni kitufe. Hujawahi kufikiri jambo hili, hata mimi sikuwahi: kamera zote kitufe kiko kulia. Nilikuwa nimeamua kutumia mkono wa kushoto peke yake, huu wa kulia nimeuingiza ndani ya shati na kuufunga kwenye mkanda wa suruali ili usije ukanisaidia kwa kiherehere. Vidole vya kushoto havifiki. Nikatengeneza mpini wa mbao, ukavunjika. Nikatengeneza wa bati, ukanikata. Nikawaita watengenezaji wa kamera majina ambayo siwezi kuyaandika kwa dada mkubwa. Halafu siku moja nashuka ngazi, kamera ikaponyoka, ikapinduka kwenye mkanda. Nikaidaka kichwa chini kwa mkono wa kushoto, dole gumba likatua juu ya kitufe, ikalia cha! Ikapiga picha ya kiatu changu, nzuri mno, hata kamba unazihesabu. Wengine wataita bahati. Mimi naita akili iliyokuwa imejilaza kidogo.

Basi ndiyo njia yenyewe. Unaishika juu chini, ile sehemu iliyovimba ya kushikia inahamia kiganja cha kushoto kama imezaliwa hapo, dole gumba linabonyeza kutoka chini. Picha inatoka miguu juu, ukiihamishia kwenye simu unaigeuza kwa kidole kimoja, imekwisha.

Nimetembea hivyo mtaa mzima, mkono mmoja shatini, kamera kichwa chini. Kinyozi wa pale kona alipaza sauti kwamba jamani, mjomba ameanza kuwapiga picha popo. Nikamjibu kwamba nitaanza na wateja wake, maana wakitoka kwake hawajui kichwa kiko upande gani. Wifi yako amewaambia majirani kuwa sina wazimu, niko likizo tu. Picha yake ya kwanza nilimkata sikio na nusu ya uso. Akaitazama sana, akasema si mbaya, iliyobaki ndiyo nusu nzuri. Siku za mwanzo kila ukuta ulikuwa unaanguka, milango imelewa, watu hawana vichwa. Mkono wa kushoto dada ni kama mtoto aliyeitwa ghafla ubaoni. Unatetemeka, unaona haya, unataka kumsukumia mwenzake. Ukiuzoea taratibu, ukaegemeza kiwiko ubavuni na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza, unatulia. Wangu umetulia. Sasa hivi nampiga picha mwendesha baiskeli akiwa mbioni, na jino lake lililopotea unaliona mahali lilipokuwa.

Juzi nilikuwa kituo cha basi. Nikampiga picha mama mmoja aliyesimama na kikapu, nilipenda mwanga ulivyomwangukia begani. Jioni nikaitazama ile picha nikaona upindo wa sketi yake umefumuka nyuma, uzi unaning'inia. Nilikuwa nimesimama karibu naye sikuuona, mpaka kamera iliponionyesha. Nikakukumbuka. Wewe ungeuona kutoka ng'ambo ya barabara, ukiwa unaongea na mtu mwingine, tena ungesema ni kushona kwa nani. Tangu udogo wetu ndivyo ulivyo. Kola ikipinda unyuzi mmoja unaumwa kichwa. Nikakaa na ile picha nikasema: lakini aliyeugua ni mkono. Jicho la dada yangu halikuugua. Nani amelifungia jicho ndani?

Basi nikuambie ukweli, na ukitaka kunitukana nitukane. Kamera si yangu. Tangu siku niliyoingia kwa Tabasamu ilikuwa ni yako. Neno lako la kutokuwa na cha kutazama ndilo lililonipeleka. Ningekuletea tu kikasha ungesema nakudhihaki, kwamba mwenye mikono miwili, akiwa nchi kavu, anamfundisha kuogelea mtu aliye majini. Kwa hiyo nilijifunga wangu kwanza, nikaanguka mimi, nikachekwa mimi, ili ukisema haiwezekani nikuoneshe picha. Zimo humo, mbaya na nzuri, sikufuta hata moja. Utaona nilipoanzia.

Mkanda ni mpana, wa kuvaa begani kukatiza kifua, wifi yako ameushona kwa mkono wake. Anasema anajua mshono umekwenda kombo na anajua utaona, uje umseme mwenyewe. Kifuniko cha lenzi nimekitoa, badala yake kuna kioo cha kinga, usihangaike kufungua. Mlango wa betri unafunguka kwa ukucha. Kuna kibao chenye shimo lililotandikwa kitambaa laini: unaikalisha kamera humo, inashikwa barabara, nawe unazungusha lenzi kwa mkono mmoja kuibadilisha. Hicho nimekibuni mimi, na Tabasamu ameniomba nimtengenezee chake, ingawa yeye mikono anayo yote. Na uzito nimeupima kwa mizani yangu, sikubahatisha. Kamera na lenzi yake bapa haizidi sana ule mkasi wako mkubwa wa kukatia. Mkono wako wa kushoto ulikuwa unaubeba mkasi huo huku wa kulia ukipiga chaki.

Sikwambii ufungue studio. Sikwambii mkono utapona, hilo analijua Mungu na yule daktari wako wa mazoezi. Nakwambia utazame tu, kwa raha yako, kila siku kidogo.

Limebaki jambo moja, na nimeliweka chini kabisa kwa sababu ya uoga. Barua hii haikupita posta. Bahasha haina stempu, kaitazame. Mwanao ameipokea mkononi mwangu asubuhi hii, na kamera anayo hapo mlangoni kwako, nimemwambia asiitoe mpaka umalize kusoma. Mimi niko uani, nimekaa juu ya ndoo karibu na bomba. Ulisema hutaki mtu akuone, nami sitaingia ndani, na ukitoka na kamera nitaitazama lenzi tu. Usiwe na haraka ya mguu. Nitangoja. Jua liko begani kwangu sasa hivi, kama lile la kituoni, ila halitakaa sana, litapanda ukuta wa jirani. Nimenyoa ndevu. Nimevaa shati jipya, nililonunua dukani maana fundi wangu amegoma, na kola yake naona kama haijakaa sawa, lakini mimi nitajuaje?

Nikomee hapo. Wifi yako anakusalimu tena, watoto wote wanakuamkia, na Tabasamu asiyekujua anakuuliza hali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja.

Ndimi mdogo wako,
Fundi wa Mizani,
aliye uani, ameshakaa mkao wa picha.