Amplifaya Iliyopewa Alama Zote

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba mgongo wa shemeji umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona.

Unajua jarida letu hupima magita ya umeme, amplifaya na zile pedali za kubadili sauti, kisha kila mwaka hutoa tuzo. Unajua pia kwamba kazi hii niliipata kupitia kwako, maana mkuu wa waamuzi ni yule Mwalimu aliyekufundisha gita ulipokuwa msichana. Wewe ndiye uliyenituma kwake.

Mwaka huu nilianza kumtilia shaka. Ililetwa amplifaya moja yenye mluzi mkali. Ukipandisha sauti kidogo tu, inalia kama birika lililochemka likasahauliwa. Sisi wengine tuliziba masikio. Mwalimu aliweka kiganja juu ya kasha lake, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema safi kabisa, akaipa alama zote. Nikajisemea, hapa kuna jambo.

Tangu siku hiyo nikawa na macho manne. Nikagundua kwamba kabla ya kuandika tathmini yake huniuliza kwanza mimi nimesikiaje, kisha maneno yangu nayakuta kwenye ukurasa wake. Nikamwona wakala wa amplifaya ile akimpa kijisanduku kwenye korido, naye akakitia upesi mfuko wa ndani wa koti, akitazama nyuma kama mwizi. Simu yake ikiita, haipokei mbele yetu. Nilifika mahali hata akikohoa nadhani anampa wakala ishara.

Siku mbili kabla ya tuzo kutangazwa, mhariri alipata barua isiyo na jina ikisema Mwalimu amekula rushwa, na kwamba alipewa kijisanduku na wakala. Akatukusanya chumba cha mikutano, akaisoma, akamtaka Mwalimu aonyeshe kile kijisanduku. Mwalimu akabaki anamtazama tu. Mhariri akarudia kwa kufoka. Ndipo akakitoa, akakifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na vifaa viwili vya kusaidia kusikia, vidogo kama punje za maharage.

Alisema mke wa wakala ni muuguzi kwenye kliniki ya masikio, na kwamba yeye ndiye aliyemwomba wakala amchukulie vifaa hivyo, ili asionekane kwenye foleni. Alisema sauti nyembamba zimempotea mwaka wa tatu huu. "Huo mluzi mnaousema," akasema, "mimi sijausikia hata mara moja."

Kisha akaniomba radhi, mimi, mbele ya wote, kwa kuazima masikio yangu bila kuniambia. Akaandika barua ya kujiuzulu palepale. Tuzo zimefutwa, tutapima upya vyote. Kiti chake nimepewa mimi, kwa pendekezo lake mwenyewe, nami nimekubali.

Dada, ile barua isiyo na jina niliiandika mimi. Sikumuuliza yeye, wala sikukuuliza wewe unayemjua kuliko sisi sote. Na nisijifanye mtu wa haki tupu: kiti kile nilikuwa nakitamani.

Jana nilikwenda kwake kumwambia. Nilimkuta akibadilisha nyuzi za gita, vile vifaa viko kwenye kisahani mbali naye. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuchongea." Akainua uso, akatabasamu. "Karibu, karibu ndani," akasema, "chai iko tayari."

Hakunisikia, Dada. Nami sikurudia. Nilikaa, nikanywa chai yake vikombe viwili, tukazungumza habari zako. Alikusifu sana, akasema umemletea kijana mwaminifu.

Jumamosi nitarudi kwake. Nitayaandika kwenye karatasi, nimtie mkononi, nikae hapo mpaka amalize kusoma. Nimekueleza wewe kwanza kwa sababu najijua: nikiingiwa na woga tena, pawe na mtu anayejua nilichofanya. Ukikasirika, una haki.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama usimwambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba