Mafuta ya Ariwara

Bunia, siku ya kwanza, mwezi wa nane 1983

Hakunikasirikia, na ni ile inanisumbua.

Mama Furaha, mwenye kushona nguo, jirani yangu, alifika asubui kwa meza yangu ya soko, kitambaa juu ya uso. Alipokitoa niliona mashavu iko nyekundu, imeungua. Ni mafuta ya kungarisha ngozi yenye nilimuuzisha, ile ninaletaka toka Ariwara. Nilingoja matusi. Aliomba tibu ingine ya mafuta ile ile.

"Pengine ninapaka kidogo," akasema. "Weye unapakaka mara ngapi kwa siku?"

Sijaipaka hata siku moja. Weupe huu nilizaliwa nao, mama yangu alikuwa hivi. Lakini wanawake wananunuaka kwa kutazama uso wangu, na miaka hii yote nilinyamaza.

Leo nilimwambia ukweli. Nilificha tibu chini ya meza, nikamuomba aache kabisa.

Alinitazama na huzuni. "Dada, siye ni majirani. Usinifiche."

Akaenda kununua ile ile kwa meza ya mbele.

Kesho nitauzisha sabuni na chumvi tu. Lakini uso huu, siwezi kuuacha nyumbani.